Lenzi ya CD ikichoka: Luthuli ununue gani, uache gani

Mzee wangu ana redio ya CD tatu aliyonunua mtumba zamani, na tangu nijue kusoma hiyo redio ndo imekuwa ikipiga rumba kila Jumapili tukitoka kanisa. Mwaka jana ikaanza madharau: diski inaingia, inazunguka kidogo, inalia tik tik tik, alafu inaandika NO DISC. Fundi akasema lenzi imekufa. Nikanunua lenzi, shilingi 700, ikawekwa, ikasoma wiki mbili hivi kisha ikarudi pale pale kwa tik tik. Kumbe lenzi ya kwanza haikuwa na shida kubwa, ilikuwa mota ya kuzungusha diski imechoka, na mi nilikuwa nimelipa spea isiyohitajika na kazi ya fundi juu. Ndo maana naandika hii, usifanye vile nilifanya.

Tukisema lenzi hapa Nairobi, kwa maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli, hatumaanishi kale kajicho ka kioo peke yake, tunamaanisha kile kidude chote kinachobeba leza, jicho, na koili ndogo za kulisogeza juu chini na pembeni. Kinateleza kwa vyuma viwili. Ile fremu inayobeba vyuma, giya na mota nitaiita kitanda, kwa sababu kila duka wana jina lao.

Kabla utoe hata shilingi, angalia kama ni uchafu. Nyumba zetu zina vumbi, moshi wa jiko, moshi wa dawa ya mbu, na mende wanapenda redio kwa sababu kuna joto ndani (nimeshafungua moja nikapata familia nzima). Pamba ya masikio, spiriti safi ile ya isopropili, unapanguza jicho polepole bila kulikandamiza kwa sababu limesimama kwa nyaya nyembamba sana. Usitumie thina wala ile maji ya kutoa rangi ya kucha, jicho nyingi ni za plastiki na zinaingia ukungu hapo hapo hazirudi. Hizo CD zenye kabrashi chini wanauza ati za kusafisha lenzi, mi siamini sana, zinapunguza vumbi la juu juu lakini ule utando wa moshi hautoki na brashi kavu.

Alafu sikiliza mashine yenyewe, itakuambia. Ukiiwasha lenzi inaenda mpaka ndani karibu na katikati, leza inawaka, jicho linapanda na kushuka kutafuta fokasi, likipata mwanga umerudi kutoka kwa diski ndo mota inaanza kuzungusha ile serious. Kwa hivyo kama jicho linapanda na kushuka na diski haizunguki kabisa, hapo leza ni mshukiwa wa kwanza, ama uchafu. Kama diski inazunguka lakini kwa unyonge, inaanza inaacha, hapo shuku mota kwanza. CD inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na pale ndani inazunguka kasi zaidi, kama mizunguko 500 kwa dakika, ikifika mwisho inashuka kama 200. Mota iliyochoka inashindwa pale mwanzo kwa hiyo kasi kubwa, na pale mwanzo ndo kuna orodha ya nyimbo, ikikosa orodha inasema hakuna diski. Mtu anaona NO DISC anasema lenzi. Na kama nyimbo za kwanza ziko sawa na zinaruka ukifika za mwisho, angalia vyuma na giya kwanza, grisi imekauka ikawa kama gundi.

Kitu ingine ya kupima bila kufungua: weka CD orijino, alafu weka ile umechomewa na DJ wa mtaa. Diski za kuchoma zinarudisha mwanga kidogo kuliko orijino, na zile za kuandika mara nyingi, RW, ndo zinarudisha kidogo zaidi. Leza ikianza kuzeeka hizo ndo zinakataa kwanza. Orijino inapiga na ya kuchoma inakataa, umeshasafisha na bado, basi sawa, sasa shika pesa tuende mjini.

Usiende dukani ukisema "nataka lenzi ya Sony" ama "ya Panasonic", jina la redio halisaidii kitu, kampuni moja ilikuwa inatumia lenzi za watu wengine na lenzi moja iko kwa redio za makampuni kumi. Fungua, toa kitanda, soma namba kwa lenzi yenyewe ama kwa stika yake, piga picha na simu juu na chini, na uhesabu pini za utepe, ule waya bapa unaounganisha lenzi na bodi. Namba za kawaida utakutana nazo kwa CD ni KSS-213 na KSS-210 za Sony, na SF-P101N ya Sanyo. Hiyo SF-P101N inakuja ya pini 15 na ya pini 16, zinafanana kama mapacha, ukibeba isiyo yako utarudi Luthuli kesho na nauli ingine. Kwa DVD utaona sana SF-HD62, SF-HD850 na KHM-313. Na ujue lenzi ya DVD iko na leza mbili, moja ya DVD ya nanomita 650 na moja ya CD ya 780, ndo maana kuna mashine inapiga CD vizuri na DVD inakataa, ama kinyume. Hapo mara nyingi mota si shida, ni leza moja imezima, badilisha lenzi tu.

Sasa vile mi ningenunua, kuanzia ile naona bora.

Namba moja ni kitanda kizima kikiwa na lenzi, vyuma, giya na mota mpya. Kwa familia ya Sony inaandikwa KSM badala ya KSS, yaani KSS-213 ni lenzi peke yake, KSM-213 ni lenzi ikiwa kwa kitanda chake. Mi cha mzee nililipa 1,200 baada ya kuanzishiwa 1,800, na ukilinganisha na 700 ya lenzi tupu, hiyo mia tano ya juu inakununulia mota, giya na vyuma safi, vitu ambavyo vimezeeka pamoja na lenzi miaka hiyo yote. Fundi pia anamaliza haraka, hakuna kutoa lenzi kwa vyuma na kuirudisha. Lakini kuna mtego hapa na watu wengi wanaanguka: baada ya KSM-213 kuna herufi zingine, CCM na wenzake, na hizo herufi ndo zinasema kitanda kina umbo gani, plagi gani, na ile sahani ndogo diski inakalia iko juu kiasi gani. Sahani ikiwa juu au chini hata kidogo jicho halifikii fokasi, ama diski inakwaruza trei. Kwa hivyo weka cha zamani na kipya bega kwa bega pale kwa kaunta kabla ulipe, usione haya, mwenye duka atanuna lakini ni pesa yako. Ikiwa lenzi ni ile ile lakini umbo la kitanda linatofautiana, bado nunua, alafu mwambie fundi ahamishe lenzi mpya kwa kitanda chako cha zamani, na kama mota ni aina moja ahamishe pia.

Namba mbili, lenzi tupu. Hii nunua tu kama una uhakika mota ni nzima. Kuna kajaribio ka fundi wa zamani, ukiwa umechomoa mota kwa bodi unaigusisha betri moja ya 1.5, mota nzuri inazunguka laini bila kukwama mahali, iliyochoka inaanza kwa kusukumwa na kidole. Lenzi nyingi mpya zilizoko sokoni saa hii ni kopi kutoka Uchina, zingine zinadumu, zingine ni uchafu, na kwa macho huezi tofautisha vizuri. Ndo maana mi naulizia duka lenye mashine ya kujaribia hapo hapo, na kama hakuna naandikiwa risiti yenye tarehe na namba ya lenzi. Ukiambiwa "ni orijino boss" bila risiti, hesabu ni kopi na ulipe bei ya kopi.

Na hapa nikae kidogo kwa sababu ndo lenzi mpya nyingi zinauliwa siku ya kwanza. Leza inaogopa ile stima ndogo ya mwili, ile inakuchapa ukivua sweta ya nailoni Julai. Kwa hivyo kiwandani wanaweka tone la solda (ile risasi ya kuunganishia nyaya) kwa bodi ndogo ya lenzi, linashikanisha njia mbili ili leza isipigwe ikiwa njiani. Unaweka lenzi, unachomeka utepe kwanza, ALAFU ndo unatoa lile tone na soldaringi ya ncha ndogo. Ukilitoa kabla ya utepe unaweza kuua leza bila kuona cheche. Ukisahau kulitoa, mashine haitasoma kamwe na utarudi dukani na matusi ukisema umeuziwa mbovu, na mwenye duka atakuonyesha tone lako hapo liko mbele ya watu. Na ukishalitoa maduka mengi hawarudishi, wanajua imeshatumika. Lenzi zingine hazina tone, ziko na klipu ama utepe umefungwa na foili, kanuni ni ile ile. Gusa chuma cha mashine iliyo na waya wa ardhini kabla ushike, na usishike jicho na kidole.

Namba tatu, lenzi ya kuchomoa kwa mashine iliyokufa shida ingine, ile mafundi wanaita ya kutoa. Kwa redio ya kawaida ni bahati nasibu, unanunua uzee wa mtu mwingine. Lakini kuna kundi moja hii inapanda ikawa ya kwanza: zile mashine nzito za Philips na Marantz za miaka ya themanini, zenye kitanda cha CDM-1, CDM-2 ama CDM-4, ambazo lenzi haitelezi kwa vyuma, iko kwa mkono unaobembea kama wa santuri. Hizo mkono mpya hazitengenezwi tena, kwa hivyo mashine ya pili ya kuchinja ndo spea yako. Uzuri wake zinakaa sana, na mara nyingi zikikataa ni solda za bodi zimepasuka na kapasita zimekauka, leza iko nzima, so usichinje kabla fundi apitie solda zote upya. Kama ni lenzi ya kutoa ya Sony, angalia stika, zingine zina namba ya tarakimu tatu kama 437, hiyo ni miliamp 43.7 vile leza ilikuwa inakula ikiwa mpya. Fundi mwenye multimita akipima na apate imepita hapo sana, hiyo leza iko njiani kwenda, usilipe.

Namba nne, kununua mashine nzima ingine. Kwa DVD za bei ya chini kusema ukweli hii naeza iweka hata namba mbili, ukijumlisha lenzi na kazi ya fundi umefika karibu na DVD nyingine mtumba. Kwa redio nzuri au CD pleya ya kuunganisha na amplifaya, hapana, hizo za zamani zina pawasaplai na sauti ambayo hupati kwa plastiki nyepesi.

Ya mwisho, na hii nitasema hata kama utaona ni bure: kale kaskrubu kadogo kwa lenzi, potenshometa. Kuna mafundi wakiona leza imezeeka wanakazungusha, leza inapigwa stima zaidi, inasoma vizuri, unalipa, unashukuru, unaenda nyumbani. Umenunua siku, pengine miezi kama una bahati, kisha leza inaungua kabisa. Kama unataka tu kusikiza CD moja ya harusi uihamishe kwa kompyuta, sawa, zungusha. Vinginevyo mwambie fundi mapema asikaguse, hasa kwa lenzi mpya, ilipimwa kiwandani.

Usichungulie jicho mashine ikiwa wazi na imewaka. Leza ya CD ni infraredi, unaona kanukta kekundu hafifu unadhani haina nguvu, na nguvu iko. Ukitaka kujua kama inawaka tumia kamera ya simu ukiwa pembeni, simu nyingi zinauona huo mwanga.

Na ukiwa tayari umefungua, nunua mpira wa trei, ule mkanda mdogo unaoisukuma nje na ndani, hapo hapo Luthuli, ni pesa ya chai. Redio ya mzee sasa inasoma kila kitu hadi diski zimekwaruzwa, lakini mi nilisahau mpira, so trei inatoka nusu inagoma, na kila Jumapili anaivuta na ncha ya kisu cha mkate huku ananiangalia.