Valizi ya garaji inasema motoka haina kosa, mikono yangu inasema kosa liko

Naandika nikiwa bado na hasira, mutanivumilia. Nilinunua pikapu mupya kabisa, si zile za volanti (usukani) ya kuume zinazotoka Japani zikipitia Dar es Salaam. Shemeji yangu iko na moja ya hivyo, na huku Kongo tunaendesha upande wa kuume wa njia, kwa hiyo kila mara akitaka kupita kamyo lazima aulize mutu mwenye kukaa kushoto kama njia iko wazi. Mimi nikasema hapana, nitaongeza makuta, nipate ya volanti kushoto tena yenye garanti, ili siku shida ikija wenyewe waitengeneze.

Bon. Ninafanya Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, mara mbili ao tatu kwa juma, ninaleta mafuta ya kupikia na unga. Asubuhi nikitoka Lubumbashi motoka inaenda sawa, volanti nashika na vidole viwili. Nikishafika kilomita 20 hivi inaanza kukokota kuume, kwanza pole pole, kisha inazidi mpaka ninashika volanti ikiwa imepinda kushoto muda wote ili motoka iende sawa, na jioni mabega yote mawili yananiuma. Na kuume ni mufereji, kushoto ni makamyo yamebeba shaba yanakimbilia mupaka, sasa hapo nikikosea kidogo nakwenda wapi?

Hayo yote niliyasema ku garaji pale niliponunua. Nilisema wazi: ikiwa baridi haivute, ikipata moto njo inavuta. Kijana wa mapokezi akaandika maneno mawili tu, "volanti inavuta". Wakachomeka valizi yao, ile mashini ya kutafuta makosa ya motoka, wakaizungusha motoka mara mbili mu lupango, mulango umefungwa, ikiwa bado baridi, wakanirudishia funguo. "Mama, valizi haikuonyesha kosa hata moja. Labda mama anaegemea upande moja akiendesha." Mbele ya batu, na kijana wangu mukubwa amesimama kando yangu. Miaka 19 ninaendesha. Ile neno nililala nayo, niliamka nayo, na mpaka leo nikipita mbele ya ile garaji naisikia.

Nikarudi. Mara ile wakafanya paralelisme, ni kusema kunyoosha magurudumu, wakanilipisha 60 dola juu eti paralelisme haiko mu garanti, ni mashimo ya njia zetu. Haikubadilisha kitu. Nikarudi tena, wakasema ni mugongo wa barabara, imejengwa na muteremuko ili maji yatoke, kwa hiyo kila motoka inashuka kuume. Sikatae, barabara iko na mugongo kweli. Lakini siku ya mungu moja mapema nilikwenda njia ya Kipushi, hakuna mutu, kijana wangu anaangalia mbele, nikaendesha kidogo upande wa kushoto. Kama ni muteremuko, pale ingenivuta kushoto, si ndiyo? Ikavuta kuume vilevile. Nikaenda kwa mutu wa kwado akabadilisha mipira ya mbele, ya kuume ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kuume, juu kama ni mupira mubaya shida ingehama nao. Haikuhama. Nikawapelekea hayo yote, na unajua yule kijana alinijibu nini? "Mama amekuwa mekanisie sasa?"

Hapo nikapandisha sauti, nasema ukweli, nililalamika mpaka batu wa ofisi wakatoka. Na njo muzee mmoja akatoka nyuma na salopeti yake imejaa grisi, akauliza kitu kimoja tu: "Mama, inavuta ikiwa baridi ao ikishapata moto?" Machozi yalitaka kunitoka. Miezi yote ile nilikuwa nangojea mutu wa kuniuliza hivyo!

Tukaenda wawili mpaka nje ya mji, akaniambia nisikanyage freni, niache motoka isimame yenyewe. Akachukua chupa ya maji, akamwanga kidogo ku diski ya kushoto, kimya. Ya kuume, shiiii, mvuke. "Volanti yako haina kosa mama, ni freni inashika." Pini za etrie, kile chuma kinachobeba plaketi (pedi za freni), zilikwama kwa vumbi, grisi imekauka, kwa hiyo plaketi zinafinya diski njia nzima hata kama sikukanyaga, na kadiri inavyopata moto ndivyo inazidi kufinya. Valizi itaionaje, pale hakuna waya hata moja. Wakabadilisha etrie, nusu siku tu.

Nilitaka kuandika musinunue. Siandike tena, juu sasa inaenda vizuri mno, nimepakia mpaka juu na natoka Kasumbalesa mpaka nyumbani na mukono moja. Lakini tena wakataka nilipe plaketi, eti ni kitu cha kuchakaa. Zilichakazwa na nani? Si ile etrie yao yenye garanti? Nilikaa ku kiti chao mpaka saa tisa, sikulipa. Kwa hiyo motoka nunueni, lakini ile garaji, kama yule muzee hayuko siku ile, rudini nyumbani.

Leo asubuhi nimekwenda kuomba zile 60 dola. Yule kijana ananiuliza kama mama iko na faktire, karatasi ya malipo. Niko nayo, iko mu sakoshi yangu, na kesho wakifungua mulango watanikuta pale.