Tumekodi fidla ya mtoto miaka mitatu sasa, haya ndo maoni yangu

Naandika hii rivyu kwa wazazi wenzangu ambao mtoto kaanza masomo ya fidla au anataka kuanza na mmekwama kwenye lile swali la tununue au tukodi. Sisi tumekodi miaka mitatu, tulianza na saizi ya nusu sasa hivi tuko robo tatu, na hapo katikati mwanangu amefanya usaili wa okestra ya vijana mara mbili, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho. Duka silitaji jina, maana huduma hizi kwa kiasi kikubwa zinafanana, cha muhimu ujue uangalie nini na uulize nini kabla hujasaini. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua nitaieleza huko chini.

Lakini lazima nianzie kwenye fidla tuliyonunua, bila hiyo hamtaelewa kwa nini nawasifia hawa watu.

Tulinunua mtandaoni, seti nzima, fidla na upinde na boksi lake na kipande cha rozini, ule utomvu mgumu wa kupaka nywele za upinde, inang'aa hadi unajiona usoni. Tukachukua robo tatu wakati mtoto ana miaka 7, hesabu yetu ikiwa ileile ya viatu vya shule, atakua itamtosha. Basi tabu ikaanza. Kila siku kabla ya mazoezi lazima ityuniwe upya, unakaza uzi wa E unahamia wa A unahamia wa D, ukifika G ule wa E umeshalegea, vile vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza vyenyewe. Halafu lile daraja, yaani kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi, lilikuwa refu mno, kwa hiyo nyuzi zilikaa juu sana na mtoto kubonyeza noti moja lazima atumie nguvu ya mkono mzima. Akimaliza vidole vina mistari myekundu. Nusu saa ya mazoezi ikawa dakika kumi kutyuni, kumi kulia, kumi mimi kumfokea kwamba mvivu, hapendi kujituma, mbona wenzake wanaweza. Hivyo hivyo karibu mwaka mzima jamani.

Siku moja mwalimu akaiomba ile fidla apige mwenyewe kumwonyesha mtoto kitu fulani. Akapiga skeli moja, yaani ngazi ya noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, akarudia, akasimama akaiangalia, akaniambia, "Mama, mtoto hana shida. Hii hata mimi inanisumbua." Niliumia sana. Jioni ile nilimwomba mwanangu msamaha, na wiki iliyofuata tukaenda kukodi.

Sasa huduma yenyewe. Kitu cha kwanza hawakuuliza umri, walimpima mkono. Dada fundi alimwambia anyooshe mkono wa kushoto, akamwekea fidla begani, akaangalia kama vidole vinaweza kukizunguka kile kichwa cha fidla kilichojikunja kama konokono huku kiwiko bado kimelegea kidogo. Robo tatu vidole havikufika. Akampa nusu, vikafika vizuri kabisa. Na hapo nilijifunza kwamba hizi saizi majina yake yanachanganya, nusu si nusu ya urefu hata kidogo, kiwiliwili cha fidla kamili ya mtu mzima ni kama sentimita 35.5 na cha nusu ni kama 31 hivi. Ukiziweka meza moja unaweza kuona tofauti ndogo tu, lakini kwa mkono wa mtoto zile sentimita chache ndo kila kitu, vidole vinafika au havifiki.

Pili, ile fidla ilikuwa imeandaliwa na mtu. Daraja limechongwa kimo chake, vigingi vinazunguka na vinashika, na kule mkiani kwenye kila uzi kuna kiskrubu kidogo cha kutyunia ambacho mtoto anaweza kukizungusha mwenyewe bila kuniita. Tulipofika nyumbani akafungua boksi akaanza kupiga kabla hata hajavua viatu, akapiga, akapiga, mimi nipo jikoni nasikiliza nimeshika mlango. Kile kipande alichokuwa anakichukia miezi minne alikipiga mwanzo mpaka mwisho. Sisemi alikipiga vizuri, alikipiga bila kusimama, na kwa sisi hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kuna ndugu walisema ala ya kukodi ni aibu, mtoto awe na chake. Hapa natofautiana nao kabisa. Ule mpango wa Venezuela unaoitwa El Sistema, ambao José Antonio Abreu aliuanzisha mwaka 1975, umepitisha watoto wengi mno kwenye okestra na ala wanazopiga wanapewa watumie, hazijanunuliwa na wazazi wao, na Gustavo Dudamel aliyekuja kuongoza okestra ya Los Angeles alitokea humo humo. Kama yeye alitokea hukohuko, mwanangu na fidla ya kukodi kakosa nini? Tena mtoto anakua, ukinunua kila saizi utabaki na fidla ndogondogo zimejaa juu ya kabati.

Usaili wa kwanza. Alikuwa na miaka 9, akaomba nafasi kwenye okestra ya vijana, ngazi ya chini. Walitaka skeli ya oktavu mbili, yaani ngazi ile ya noti ipandwe mara mbili mfululizo, kipande kimoja alichokiandaa, na kusoma noti papo kwa papo, yaani wanakuwekea karatasi hujawahi kuiona wanakupa kama nusu dakika ya kuitazama halafu unapiga. Sasa wiki tano kabla ya siku hiyo mimi nikagundua mkono umerefuka, nikapeleka tubadilishe saizi. Dada fundi akapima akakubali kweli yuko tayari kwa robo tatu, ila akakataa kunipa. Akasema mama subiri, saizi ikibadilika nafasi kati ya kidole na kidole inabadilika, kila noti inahama kidogo, mtoto atahitaji wiki kadhaa kuzizoea na sikio lake litamchanganya siku ya usaili, apige na hii hii anayoijua, njooni baada ya hapo. Wangeweza kunibadilishia siku ileile wakaanza kunitoza ya saizi kubwa, hawakufanya. Kwa hilo peke yake wangestahili nyota tano.

Usaili ule hakupita. Skeli ilikuwa safi, kipande sawa, kwenye kusoma papo kwa papo alikosea noti moja akasimama, akarudi mwanzo, akakosea tena akasimama. Kumbe wanachokitafuta pale ni uendelee na mapigo, noti ikikupita iache iende, kwa sababu kwenye okestra wenzako arobaini hawakusubiri. Hilo hatukuwa tumefundishwa. Mwaka uliofuata kila jioni tulikuwa tunachukua mistari miwili mitatu ya noti mpya, mimi napiga makofi ya mapigo taratibu, yeye anapiga na haruhusiwi kusimama hata dunia ipasuke. Wazazi ambao hamjui muziki, hii mnaweza kuifanya, inahitaji mikono yako miwili tu. Kabla ya kuanza aangalie vitu vitatu, mapigo mangapi kwenye kipimo, yaani kile kisehemu kati ya mistari miwili ya wima, alama za kupandisha na kushusha pale mwanzoni, na mahali penye noti nyingi zilizobanana, akishapaona hapo ndo ajue mwendo wa kuanza nao.

Usaili wa pili ndo ulinipa presha. Zimebaki siku tatu, mimi nikaona nyuzi zimechakaa nikaamua nimbadilishie mwenyewe, nikanunua seti mpya, nikazitoa zote nne kwa mpigo ili nifute vumbi vizuri. Daraja likaanguka, hilo nililitegemea. Nikaliweka, nikafunga nyuzi mpya, mtoto akainyanyua kunionyesha kitu akasema, "Mama, kuna kitu kinabingirika ndani." Nikaitikisa taratibu, kweli, kama penseli kwenye droo.

Nikapiga simu dukani huku mikono inatetemeka. Akapokea yuleyule dada fundi, nikamweleza, akasema kwanza legeza nyuzi zote sasa hivi usimruhusu apige, halafu ilete. Kumbe ndani ya fidla kuna kijiti chembamba cha mbao kimesimama kati ya uso na mgongo, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba. Hakina gundi. Kinashikiliwa na mbano wa nyuzi tu, ndo maana nyuzi hutakiwi kuzitoa zote kwa pamoja, unatoa mmoja unafunga mmoja. Na bila hicho kijiti ukikaza nyuzi, daraja linagandamiza uso wa fidla na unaweza kupasuka. Wafaransa hicho kijiti wanakiita roho, na baada ya siku ile nimeelewa kwa nini.

Alikirudisha mbele yetu. Akakichoma kwenye ncha ya chuma kilichopinda kama herufi S, akakipenyeza kwenye lile tundu lenye umbo la f, huku anachungulia kwa kitaa kidogo, akakisimamisha, akakisogeza kwa kukigonga kidogo kidogo, akakaza nyuzi, akapiga, akasikiliza, akasogeza tena kama unene wa kucha. Mtoto alikuwa amesimama pembeni hapumui. Mara ya tatu sauti ikafunguka, hata mimi nisiye na sikio nilisikia. Hakunidai kitu, alisema matengenezo ya namna hiyo yamo kwenye kodi ya mwezi, akanionya tu nisirudie.

Siku tatu baadaye akapita. Fidla za pili, kiti cha nyuma kabisa, na hakuna siku nimemwona ametembea vile. Na niseme kidogo hapa, kuna wazazi wanaona fidla za pili ni kama umeshindwa. Si kweli hata kidogo, sehemu yao ni ya kazi, mara nyingi hawana ule wimbo wa juu unaowabeba, lazima uhesabu vipimo vya kimya na uingie mahali pake bila mtu kukusukuma. Mwanangu sasa hivi anahesabu hata akiwa kwenye gari. Anakaa na mwenzake stendi moja ya noti, yeye ndo wa kugeuza kurasa, na anatembea na penseli maana kiongozi akibadilisha mwelekeo wa upinde, wa kushuka au wa kupanda, lazima uandike palepale.

Nilikaa kwenye mazoezi ya kwanza. Mpiga obo, ile ala ya kupuliza, akatoa A, noti ya kutyunia, ukumbi mzima ukanyamaza, halafu fidla zote zikaanza kuitafuta ile sauti. Mwanangu akagusa kiskrubu kimoja, mara moja, akashusha mkono akasubiri wenzake. Nikakumbuka zile dakika kumi za kila siku na vile vigingi vinavyoteleza, nikatoka nje kidogo.

Sasa nyota iliyopungua. Upinde waliotupa kwenye ile nusu ulikuwa na nywele zimechoka sana, zile nywele ni za farasi na zinaisha kwa kutumika, hata ukipaka rozini hazishiki uzi, sauti inakuwa kama pumzi. Ilibidi nilalamike mara mbili ndo wakaubadilisha. Angalieni upinde siku mnapochukua, ukiukaza nywele ziwe zimeenea upana wote bila pengo upande mmoja, na mfundisheni mtoto kuulegeza kila akimaliza, ukibaki umekazwa fimbo inapinda. Kingine, robo tatu tulisubiri wiki kadhaa maana zilikuwa zimeisha, watoto wengi wanahama saizi kipindi kimoja, kwa hiyo waambieni mapema mkiona mkono unarefuka. Na mkataba usomeni mpaka mwisho, kwetu sehemu ya kodi inahesabika kama malipo ya kununua lakini kwa fidla kamili tu na kwenye duka lao tu, hilo nililigundua mwaka wa pili. Ulizeni pia nyuzi zikikatika nani analipa. Kwetu ni sisi, na uzi wa E ndo unaokatika zaidi, wekeni wa akiba kwenye boksi hasa siku ya usaili.

Wanaoniuliza kuhusu selo, ile ndugu kubwa ya fidla inayopigwa umekaa, duka hilohilo linakodisha na upimaji ni wa mtoto akiwa amekaa, nendeni naye, msipime nyumbani mkapeleka namba.

Nyongeza: wiki iliyopita tulipeleka robo tatu ikakaguliwe, dada fundi akampima tena mkono. Kichwa cha fidla kamili kilifika kwenye kiganja ila vidole bado havikizunguki vizuri. Akasema mpaka baada ya onyesho la okestra tuone. Mtoto ameandika tarehe kwa penseli nyuma ya mlango wa chumba chake, pale anapojipimia mkono.