Kuuza nyumba mwenyewe au kupitia dalali: yaliyonikuta Kimara

Ukutani niliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA. MADALALI HAWATAKIWI. Chini yake namba ya simu. Nyumba ya vyumba vitatu, hati ipo, nataka milioni 85. Asilimia 10 ya dalali ni milioni 8.5, nimpe mtu za nini?

Miezi mitano simu haikupoa, ila wengi waliopiga walikuwa madalali haohao. "Boss, nina mteja wa keshi, mimi unanitoaje?" Wateja wa kweli walifika watatu. Mmoja alitaka alipe nusu, nyingine mzigo wake ukitoka bandarini. Kuna mwingine hata nyumba hajaiona, anataka picha ya hati kwa WhatsApp. Huyo sikumjibu. Anayetaka kuhakiki, mpe namba ya kiwanja na kitalu aende ofisi ya ardhi akafanye upekuzi, aone mmiliki ni nani.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma kwa dalali mmoja wa pale kijiweni. Tukavutana mpaka asilimia 5, tukaandikishana, nikamwambia bei ya mwisho ni 80. Ndani ya wiki tatu alileta watu wanne. Wa nne akanunua, na anakaa mtaa wa pili! Ukuta ule alikuwa anaupita kila siku. "Nilidhani ina kesi ya mirathi," akaniambia. "Mtu anafukuza madalali, anaficha nini?"

Utamu uliishia kwa wakili. Mteja akataja 86. Mimi najua 80. Kumbe jamaa ameweka cha juu milioni 6, na asilimia 5 yake bado anaidai. Akainamia simu yake kama hayupo. Nilinyanyuka niondoke, wakili akatutuliza, tukafunga kwa 82. Dalali akapata milioni 4.1 zake tulizoandikishana, basi.

Na msidhani ukimlipa umepumzika. Kodi ya TRA, ridhaa ya mke wangu kwa maandishi, uhamisho wa hati, hayo yote nilihangaika mimi na wakili. Yeye kazi yake ilikuwa kuleta mtu mwenye hela, na kusema kweli hiyo anaijua kuliko mimi.

Nina kiwanja Kibaha nataka kukiuza mwakani. Nitampa yuleyule. Ila safari hii bei mteja ataisikia kwangu, dalali akiwa amekaa hapohapo.