Programu ya kusanifu violesura: kagua kwanza utatokaje

Wasomaji wanaotafuta programu ya kusanifu violesura, yaani skrini za programu na tovuti anazozitumia mtu, huniuliza ipi ni rahisi kujifunza. Malalamiko wanayoniletea baadaye hayahusu urahisi hata kidogo. Mtu kaamua kuhama, kapakua kazi yake, na alichopata ni rundo la PDF. Skrini zote zipo, ila viungo vya kutoka skrini moja hadi nyingine, mijongeo na vijenzi (vipande vya kutumia tena na tena, kama vitufe) alivyovipanga kwa uangalifu havimo. Amepewa picha ya nyumba yake, ufunguo umebaki kwa mwenye programu.

Kwa hiyo rangi, gridi na violezo sivigusi. Naangalia jambo moja: siku ukiondoka wewe, au ikiondoka kampuni, unabaki na nini mkononi? Maana kampuni huondoka kweli. InVision, iliyoanzishwa 2011 na kupendwa mno na wasanifu, ilizima huduma zake mwisho wa 2024. Adobe XD iliacha kuuzwa peke yake mwaka 2023. Usiianze leo hata ukipewa bure.

Chaguo langu la kwanza ni Penpot, na silifichi. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, hutumika ndani ya kivinjari, na ukitaka unaisimika kwenye seva yako mwenyewe. Michoro yake imejengwa juu ya SVG, muundo wa wazi wa michoro ya wavuti, na mpangilio wake hufuata CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa tovuti, hivyo mwandika msimbo anayepokea kazi yako anakutana na vitu anavyovijua. Faili likijaa skrini huwa zito, na prototaipu zake (mifano ya kubofya ya kujaribia kazi) hazijafikia ufundi wa wapinzani. Nauvumilia udhaifu huo, kwa sababu walioitengeneza wakifunga ofisi kesho, nakala iliyo kwenye seva yangu itaendelea kufanya kazi.

Ya pili ni Sketch. Kusanifu nayo kunahitaji Mac, na hapo wengi wameshaachwa nje. Lakini tangu 2017 faili lake ni zip yenye JSON ndani, yaani data ya maandishi ambayo programu nyingine zinaweza kuisoma, muundo wake umeelezwa hadharani, ndiyo maana hata Lunacy, ambayo ni ya bure, hulifungua.

Figma naiweka ya tatu, najua mtabisha. Kwa watu wengi kuchora pamoja kwa wakati mmoja haina mfano. Ila faili la .fig limetengenezwa lifunguliwe na Figma yenyewe, na ukilipakua, maoni na historia ya matoleo havisafiri nalo. Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 20. Mpango ulivunjika Desemba 2023, lakini muda wote huo waliokuwa wameweka kazi zao humo hawakuwa na kauli yoyote kuhusu nani atazishika.

Axure RP inawafaa wanaojenga prototaipu zenye masharti na vigeu (thamani zinazobadilika mtumiaji anapobofya), nayo hutoa kurasa za HTML zinazofunguka kwenye kivinjari bila programu yenyewe. Balsamiq ni ya michoro ya haraka tu.

Linalonikera kuliko yote ni malipo ya kila mhariri. Unampa mteja ruhusa ya kuhariri arekebishe neno moja, ankara inayofuata imepanda, na kitufe cha kumwondoa kimefichwa kurasa tatu ndani. Wauzaji hao hao hukusukuma ulipie mwaka mzima siku ya kwanza. Kataa. Lipia mwezi mmoja, unganisha skrini chache, zipakue, kisha jaribu kuzifungua kwenye programu nyingine kabla hujawapa kazi ya mteja.