GlobalFiler: seti imara ya kupima vinasaba, lakini dai chati, usiridhike na tarakimu

Kwa damu iliyokaukia kwenye kitambaa au mfupa uliokaa udongoni, GlobalFiler ya Applied Biosystems ni kati ya seti za vitendanishi tunazoziamini zaidi. Husoma maeneo 24 ya vinasaba kwa mkupuo mmoja, yakiwemo yote 20 ambayo kanzidata ya vinasaba ya Marekani, CODIS, inayadai tangu Januari 2017. Kumi kati yake ni mafupi, chini ya jozi 220 za besi, na hiyo ndiyo nguvu yake: vinasaba vikikatikakatika kwa jua au bakteria, vipande virefu hupotea kwanza. SE33, moja ya maeneo marefu ya seti hii, likikosekana kwenye sampuli kuukuu, ni kwa sababu ya urefu wake.

Kila kipimo huchukua mikrolita 7.5 za mchanganyiko mkuu, 2.5 za praima (vipande vinavyoonyesha eneo la kunakiliwa), 15 za sampuli. Mizunguko ya kurudufisha ni 29 kwa nanogramu 1 ya vinasaba, yaani seli kama 150 tu. Pima kiasi cha vinasaba kabla ya kurudufisha. Ukizidisha, kilele cha rangi moja kwenye chati ya matokeo huvuja hadi rangi nyingine. Ukipunguza, aleli moja (toleo moja kati ya mawili ya eneo, kila moja kutoka kwa mzazi) hutoweka, na mtu mwenye mbili akasomeka kana kwamba anayo moja.

Usikivu huo, wa kusoma hata seli chache, ndio unaoleta kazi mahakamani. Mpini wa kisu ulioshikwa na watu watatu hutoa vilele vya wote watatu, na kila kilele kirefu huambatana na kivuli kifupi kando yake. Aleli ya mchangiaji mdogo hujificha humo humo. Kwa hiyo wakili anayeletewa ripoti ya "mmoja kati ya mabilioni" adai chati yenyewe, matokeo ya kidhibiti tupu (kipimo kisichowekewa sampuli), na kumbukumbu za nani alikishika kielelezo. Tarakimu ile haisemi seli zilifikaje pale, wala lini.

Tena seti haiokoi pamba chafu. Mwaka 2009 polisi wa Ujerumani waligundua kwamba "mwanamke" waliyemsaka kwa matukio mengi alikuwa mfanyakazi wa kiwandani aliyeshika pamba za kuchukulia sampuli. Pamba zilitakaswa vijidudu, vinasaba vikabaki. Nunua zenye kiwango cha ISO 18385, kinachohusu kuzuia uchafuzi wa vinasaba vya binadamu.

Kabla ya kuagiza, hakikisha mashine yako imewezeshwa kusoma rangi sita, maana iliyowekewa tano haitaisoma. Ukishafungua, weka kwenye nyuzi 2 hadi 8, praima mbali na mwanga.