Injini Mpya kwenye Mashua: Nimeitumia Miezi Minne, na Haya Ndiyo Ninayoyajua

Habari zenu watazamaji. Wakubwa wangu, shikamooni. Leo nipo Mikindani, maji yanapwa, na hii hapa nyuma yangu ni mashua ya mjomba wangu, futi 28, mbao za mkongo. Wavuvi wa huku mnaifahamu, maana kila ilipokuwa ikivuka kuelekea Msangamkuu mlikuwa mnaisikia kabla hamjaiona. Tumeitoa injini ya zamani, tumechomoa shafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha propela, tumetia vyote vipya, na leo vina miezi minne baharini. Nimesubiri makusudi kabla ya kuwasha kamera. Injini yenye siku tatu haina la kusimuliwa, kila injini mpya inawaka vizuri.

Naanza na hiki kitu mkononi. Kamera isogee, isogee zaidi. Hii ni shafti ya zamani, chuma cha kawaida. Huku mwanzo ni mzima, ukipima unapata milimita 35, kama ilivyonunuliwa. Sasa telezesha jicho mpaka hapa, sehemu inayopita kwenye glandi, kile kizibo kinachozuia bahari isiingie pale shafti inapotokea nje, panapokaa pakini, zile kamba za kuzibia. Unaona hili bonde? Nikipitisha ukucha unazama. Tulipima hapa tukapata 31. Milimita 4 zimeliwa, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, kama muwa ulioguguniwa. Na watu walikuwa wanavuka bahari juu ya kitu hiki.

Mjomba aliuza korosho, fedha ilipoingia akaniita akaniambia, "Mpwa wangu, msimu huu tunanunua injini." Nikamwambia, "Sawa mjomba, lakini naomba tuanze na shafti." Hakupendezwa, na simlaumu. Injini unaiona, unaisikia, jirani anakuja kuitazama. Shafti iko ndani ya bomba, chini ya sakafu, hakuna anayeiona. Lakini ukiweka hospawa 22 mpya juu ya shafti kama hii, umenunua ajali kwa fedha yako mwenyewe.

Haya, injini yenyewe. Ni dizeli ya Kichina ya silinda moja, ile ya kulala, inayotengenezwa na viwanda vingi kwa namba ileile ya 1115. Moja ya kwanza ni silinda moja, na 115 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. Mwendo wa pistoni nao ni milimita 115, kwa hiyo ujazo unakaribia lita 1.2. Inatoa hospawa 22 kwa kazi ya kutwa nzima, na 24 ukiibana kwa saa moja, ikizunguka mara 2,200 kwa dakika. Uzito unakaribia kilo 200, kwa hiyo mjipange na watu wa kuibeba, na magogo mawili ya kupitisha.

Sifa yake kubwa ni kwamba siyo ngeni. Ndiyo inayovuta pawatila, ndiyo inayosaga mahindi vijijini. Ringi, nozeli, gasketi, fundi wa mashine ya kusaga anavijua kwa kupapasa tu. Kwa mtu wa Msimbati au wa visiwa vya Kilwa, hilo ni jambo kubwa kuliko rangi nzuri. Na betri ikifa, unaitia hendeli unaizungusha kwa mkono. Mafuta, kwa mwendo wa kati, tunatumia kama lita 3 kwa saa.

Ubaya wake upo na nausema. Inatikisa. Silinda moja inapiga kama nyundo, na mbao za mashua zinapokea kila pigo. Baada ya saa 10 za kwanza nilipitisha spana kwenye bolti zote za kitanda cha injini, hakuna hata moja iliyokuwa imebaki pale nilipoikaza. Zote zimelegea. Tukaweka nati mbili mbili, na kila wiki napitisha spana tena mpaka leo.

Ubaya wa pili ni upoaji wake. Injini hii imezaliwa shambani. Juu ina tanki la maji, maji yanachemka, mvuke unatoka, unaongeza mengine. Shambani sawa. Baharini, mtu maji yakipungua anachota kopo la maji ya bahari anamimina. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Maji yanapochemka chumvi haiendi na mvuke, inabaki ndani, inaganda kuzunguka silinda kama ukoko kwenye sufuria, na siku moja injini inakwama katikati ya mkondo.

Sisi tumefanya hivi: maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maji ya bomba, yanazunguka kwa pampu ndogo ya mkanda, yanatoka kwenye injini yanapita kwenye bomba la shaba lililolala nje, kando ya mkuku, ule mti wa chini wa mashua, yanapozwa na bahari, yanarudi. Bahari haiingii kwenye injini hata tone. Wazo hili si langu. Wapo wenzetu Uingereza wana boti ndefu nyembamba za kwenye mifereji, upana kama futi 7, nao wanachomelea tanki bapa ndani ya ubavu wa boti, maji ya injini yanapoa humo. Wanafanya hivyo kwa sababu ya matope na takataka za mfereji, sisi kwa sababu ya chumvi.

Lakini mkitazama video zao muwe na macho. Boti zao za chuma, maji yao baridi, na mwendo wao haupaswi kupita kama kilomita 6 kwa saa. Mfano mmoja: kile kipande cha madini unachokifunga chini ili kiliwe badala ya shafti na propela, wao kwenye maji baridi wanatumia magnesi. Ukiiga ukaitia baharini, itayeyuka upesi mno. Kwa maji ya chumvi, zinki. Hii hapa yetu, ya miezi minne, tazama ilivyochimbika chimbika. Ndiyo kazi yake. Zinki ikiwa inang'aa vilevile kama siku uliyoifunga, basi kuna kitu kingine kinaliwa.

Sasa tuje kwenye shafti, na hapa nitakaa kidogo.

Duka la kwanza tulilokwenda tuliuziwa stenlesi. Imeng'arishwa, inapendeza. Nikatoa sumaku mfukoni, ikanata pwaa. Kuna stenlesi zinazonata sumaku, zinafaa visu na vyombo vya jikoni, siyo maji ya bahari. Tukairudisha. Tuliyoitia ni 316, ile iliyochanganywa na molibdeni kidogo ili kuvumilia chumvi. Ilitugharimu karibu mara mbili ya shafti ya chuma cha kawaida. Na lijueni hili: sumaku haitakutofautishia 316 na 304, ile stenlesi isiyotiwa molibdeni, zote mbili hainati. Hapo unategemea muuzaji mwenye jina la kulinda na karatasi ya mzigo.

Fundi wetu, mzee wa hapahapa ambaye mikono yake imegusa nusu ya vyombo vya ghuba hii, akatoboa upya fashini, ule mti wa nyuma ya mashua, akalitia bomba la shafti, akazungushia pamba na kupiga kalafati. Mashua tuliikweza wakati wa bamvua, maji makubwa, ili tupate siku za kufanya kazi maji mafu, yale madogo, yasiifikie. Hapo una kama siku 14 hadi bamvua nyingine. Usipomaliza, unangoja tena, na mashua iliyokaa juani inakauka, mbao zinaachana.

Tulimaliza siku ya kumi. Tukalinganisha injini na shafti pale pale mchangani. Kwa wasiojua: flanji ya gia boksi na flanji ya shafti, visahani viwili vya kuungia, zinakutana uso kwa uso, na lazima zikutane sawasawa. Unachukua fila, yale majani membamba ya chuma ya kupimia, unaipitisha katikati juu, chini, kushoto, kulia. Kwa flanji ya kipenyo cha milimita 100, tofauti kati ya upande na upande isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Kama unene wa karatasi. Halafu unazungusha shafti nusu mzunguko unapima tena, maana kama tofauti imezunguka pamoja na shafti, basi tatizo ni flanji au shafti imepinda, siyo injini.

Ikasoma vizuri kabisa. Tukafunga bolti, maji yakajaa, mashua ikaelea, tukashangilia. Siku ya tatu glandi ikawa inatoa moshi.

Kosa lilikuwa letu. Mashua ya mbao ikiwa nchi kavu inalala juu ya mkuku na magogo, ina umbo moja. Ikielea, maji yanaibeba kila mahali, umbo linabadilika. Mbao zinakunywa maji, zinavimba. Ukipakia mafuta, barafu, nyavu na watu sita, inabadilika tena. Tulipofungua bolti tukapima ikiwa majini, juu kulikuwa na nafasi ya milimita 0.6. Shafti ilikuwa inayumba kila mzunguko, inasaga pakini, pakini inashika moto. Na hapo ndipo nilipoelewa lile bonde kwenye shafti ya zamani. Miaka yote ile ilikuwa inazunguka ikiyumba, maji yakiingia mtu anakaza glandi, yakiingia tena anakaza tena, mpaka pakini ikageuka tupa.

Tukaiacha ikielea siku tatu bila kuigusa. Halafu, ikiwa na mzigo wake wa kawaida, tukaweka vibati vyembamba chini ya miguu ya injini, kimoja kimoja, tunakaza, tunapima, tunalegeza. Kuanzia baada ya alfajiri hadi adhuhuri. Mjomba akaniuliza mara mbili kama kweli kibati chembamba kama ganda la kitunguu kina maana. Nikamshika mkono nikauweka juu ya bomba la shafti, injini ikiwa inazunguka. Zamani hapo palikuwa panatetemeka mpaka meno. Akakaa kimya, akatikisa kichwa, akasema, "Endeleeni."

Glandi nayo isikaushwe. Ikiwa shafti inazunguka, iachie matone mawili au matatu kwa dakika. Maji hayo ndiyo yanayoipoza pakini. Fundi anayekaza mpaka pakauke anakuharibia shafti huku akidhani anakusaidia. Pakini kata kipande kimoja kimoja, kila pete na maungio yake, na maungio yasikae mstari mmoja.

Mwendo. Najua wengi mmengojea hapa. Propela yetu ni ya shaba, 18 kwa 12. Maana yake upana inchi 18, na kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu, kila mzunguko ungetusogeza inchi 12. Gia inapunguza mara 2.5, kwa hiyo injini ikiwa 2,200, shafti inazunguka 880. Kwa hesabu kavu ni karibu noti 8.7, yaani maili za baharini kwa saa. Lakini maji siyo mbao, yanateleza. Kwa simu yangu, maji yakiwa yametulia, tumepata 5.3. Injini ya zamani ya hospawa 15 ilikuwa ikitupa 5 kasoro.

Ndiyo, tofauti ni ndogo hivyo. Mashua ya aina hii inalima maji, haipandi juu yake, na urefu wake majini ndio unaoiwekea mpaka. Yetu ina futi 25 majini, mpaka wake ni kama noti 6.7. Ungeitia hospawa 60, ingeinua tu mawimbi na kumaliza mafuta. Tulichopata ni kwamba mkondo wa mlango wa ghuba ukiwa mkali, au kusi ikivuma, tunapita na mzigo bila kuipigisha injini kelele.

Jambo moja la mwisho kuhusu hii injini, na hili linaniuma. Gurudumu lake kubwa hili hapa liko wazi, na mikanda iko wazi, na inavyotoka dukani haina kifuniko cha kutosha kwa chombo cha abiria. Kanga, kanzu, kamba ya nyavu, mkono wa mtoto, vyote vinashikwa kwa kupepesa jicho. Sisi tumejenga sanduku la mbao kuizunguka, na juu ya shafti tumepiga sakafu mpaka nyuma. Kama chombo chako kinabeba watu, usikiwashe kabla ya hilo sanduku.

Ningeinunua tena? Kwa mashua ya uvuvi, futi 25 hadi 30, mwenye fundi na mwenye subira ya kupima, ndiyo. Kwa mwenye boti nyembamba ya faiba anayetaka mbio, hapana, haikutengenezwa kwa ajili yake. Na kwa mwenye fedha ya injini tu, isiyobaki ya shafti, bomba, pakini na zinki, nunua shafti msimu huu. Injini yako ya zamani fundi aifanyie ringi na nozeli, itakufikisha msimu ujao.

Haya, maji yameanza kurudi. Nashuka ndani, nitawasha, nawe tazama hapa kwenye glandi tuhesabu matone kwa dakika moja.