The Twilight Zone: Rod Serling na mtaa uliozimika taa

Nimetazama upya misimu yote 5 ya The Twilight Zone, tamthilia ya televisheni ya hadithi za ajabu iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia 1959 hadi 1964, na bado naiona kuwa kazi inayostahili muda wa mtazamaji. Kati ya vipindi 156, Rod Serling, mbunifu wake, aliandika mwenyewe 92. Alikuja na kidonda moyoni: mwaka 1956 tamthilia yake iliyotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana Mweusi aliyeuawa na wazungu wabaguzi, ilikatwakatwa kwa kuwaogopa wadhamini, hata eneo la Kusini mwa Marekani likafutwa kabisa katika hadithi, ndipo akatambua kwamba kiumbe wa sayari nyingine huruhusiwa kutamka yale ambayo mwanadamu amekatazwa. Kipindi cha Maple Street, cha mwaka 1960, ndicho kilele chake kwangu: umeme unakatika, gari moja linajiwasha lenyewe, na majirani waliokuwa wakizungumza kwa furaha wananyoosheana vidole hadi mmoja wao anapigwa risasi gizani. Vipindi vya kuchekesha vimechuja, na msimu wa 4, wenye vipindi vya saa nzima, unajikokota.